Khitma ya Babu na Kopo la Stakabadhi

Daftari la khitma ya babu, kisomo cha kutimiza mwaka tangu afariki, bado ninalo. Mistari kumi kwa kalamu ya buluu: mchele kilo 20, shilingi 4,000, nyama ya ng'ombe kilo 25, shilingi 16,250, vitunguu, viazi, thomu, bizari na mafuta, 7,000, mpishi wa masufuria, 6,000, kuni, 1,500, turubai na viti, 8,000, haluwa na kahawa, 3,000, maji na soda, 6,000, kukodi masinia, 2,500, bahasha ya mwalimu na wasomaji wake, 5,000. Jumla 59,250. Ukurasa wa pili ni michango: ami mkubwa 15,000, ami mdogo kutoka Dubai 30,000, shangazi wawili 5,000 kila mmoja, sisi wajukuu kwa pamoja 7,300. Jumla 62,300. Nilijiona mhazini hodari: sufuria haijatelekwa na tayari nimebakisha 3,050.

Ilinichukua muda kuona kasoro ya ukurasa ule. Tulijua watu 150 watakula nini, watakaa wapi na watasoma nini. Babu mwenyewe hakuwa na mstari. Hakuna aliyepangiwa kusimama aseme mzee huyu alikuwa nani, alifanya kazi gani, alipenda nini na alichukia nini.

Nakisimulia kisa hiki pamoja na hesabu zake kwa sababu ugomvi uliotangulia khitma ile ulivaa kanzu ya dini, na sisi tukausalimia hivyohivyo bila kumtazama aliye ndani ya kanzu. Majina nayaacha. Majengo, mtaa wetu hapa Mombasa, ni mahali padogo.

Nyumba na wenyewe

Babu alikuwa Mdigo wa Kwale. Alivuka Likoni akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, akapata kazi ya ukuli bandarini Kilindini, na hakurudi ng'ambo kuishi tena. Alizaa watoto watano: ami mkubwa, ambaye hakuwahi kuihama nyumba ile, baba yangu, shangazi wawili, mmoja yuko Kisauni na mmoja Changamwe, na ami mdogo, aliyeko Dubai mwaka wa kumi na moja sasa. Baba alifariki miaka minne kabla ya babu. Neno hilo "kabla" ni dogo, lakini lishikeni.

Nyumba ni ya Kiswahili kama jirani zake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uwani kuna jiko, choo na pipa la maji. Kuta zilianza kwa boriti, fito na udongo, zikapigwa lipu baadaye. Paa lilikuwa makuti, likawa mabati. Nyanya ana chumba chake, ami mkubwa na mkewe wana chao, na vinne vina wapangaji, shilingi 2,500 kila kimoja kwa mwezi.

Asiye mtu wa Mombasa anahitaji kuelezwa jambo moja hapa. Nyumba ni ya babu, ardhi iliyo chini yake si yake. Desturi ya pwani, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, hutenga kilichojengwa na mahali kilipojengwa: huyu ana nyumba, yule ana kiwanja, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mitaa mizima ya Mombasa imesimama hivyo. Hati ya kiwanja huna, kwa hiyo ushahidi wako mkubwa ni stakabadhi za kodi. Ukiacha kulipa, umeanza kumpa mwenye ardhi maneno ya kusema. Kodi yetu ilikuwa imefika shilingi 700.

Kumsomea au kutomsomea

Rai ya khitma ilitoka kwa ami mkubwa. Mwaka ulikuwa unatimia, akasema mzee asomewe kwa heshima: wakusanyike watu, zisomwe juzuu thelathini, Yasini, tahlili na dua, kisha watu wale. Kundi la familia kwenye WhatsApp likanyamaza siku nzima. Halafu kijana wa shangazi wa Kisauni, aliyerudi kutoka masomoni Madina, akaandika ujumbe mrefu: chakula cha mwaka ni bid'a, yaani uzushi katika dini, na mwenye kutaka kumfaa marehemu na amwombee dua na kumtolea sadaka kimyakimya. Ami akajibu kwa sauti, dakika nne nzima, kwamba babu naye alimsomea babake, na kwamba yeye hatafundishwa Yasini na mtoto aliyempeleka chuo cha Kurani kwa mkono wake.

Ugomvi huu si wetu peke yetu, wala si mpya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa Kadhi Mkuu hadi kufa kwake mwaka 1947, alikuwa akikemea mila alizoziona si za dini tangu miaka ya 1930 katika magazeti yake, Sahifa kisha Al-Islah. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetoka Unguja na kushika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1968, aliendeleza hoja dhidi ya bid'a kwa Kiswahili ambacho hata muuza mkaa alikielewa. Upande wa pili kuna masharifu, watu wa ukoo wa Mtume, na wanafunzi wao, ambao macho yao huelekea Lamu kwenye Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh, na kwao maulidi, hauli (kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo cha sheikh) na khitma ni mapenzi na adabu. Nyumba nyingi za Mombasa zina watu wa pande zote mbili wanaokula sinia moja. Hoja zenyewe, basi, hazikunishangaza. Nilipaswa kushangazwa na jinsi watu walivyojipanga nyuma ya hoja hizo.

Shangazi wa Kisauni ndiye aliyemuunga mkono mwanawe kwa nguvu zote. Huyu ni mwanamke ambaye maulidi hayampiti, na Lamu ameshakwenda kwa hauli mara mbili. Alipoanza kutamka "bid'a" ilifaa mtu amuulize, lini? Hakuwa amebadili msimamo wa dini. Alikuwa amechoka kungoja. Mwaka mzima nyumba haijahesabiwa wala kugawanywa, na kila alipoitaja aliambiwa, "Ngojeni kwanza tumalize ya marehemu." Khitma ilikuwa "kwanza" nyingine.

Ami mkubwa naye, kadiri shughuli ilivyokuwa kubwa ndivyo ilivyozidi kuwa aibu mtu kutaja nyumba mbele ya wageni. Sisemi kwamba alikaa chini akalipanga hilo. Babake alimpenda. Alimuosha na kumgeuza kitandani miezi ambayo sisi wengine tulikuwa tunakuja Ijumaa na machungwa. Lakini kodi ya vyumba vinne ilikuwa mkononi mwake, na mtu aweza kuwa na nia mbili asiijue ya pili.

Aliyekata shauri ni nyanya. Akasema mumewe atasomewa, na asiyetaka kusoma asisome, ila abebe masinia. Kisha akaongeza kwamba wageni wakishaondoka, hakuna mtoto wake atakayetoka mlangoni mpaka nyumba izungumzwe. Shangazi akatoa 5,000 zake siku hiyohiyo.

Kopo

Alhamisi, siku mbili kabla, mimi na shangazi wa Changamwe tulikuwa tunatoa vitu chumbani kwa nyanya ili tutandike mikeka ya wanawake. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti, la bati, kubwa, limeshika kutu pembeni. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya ardhi. Ya zamani kabisa ni ya mwaka 1971, shilingi 15, karatasi imekuwa rangi ya chai. Kila mwaka umefungwa peke yake kwa uzi wa katani, uzi wa gunia, na miezi imefuatana kama shanga. Nilipitia miaka ya themanini, nikapitia miaka ya tisini, nikatafuta mwezi uliorukwa. Sikuupata. Mwezi aliozaliwa baba upo. Mwezi aliokufa baba upo.

Kisha zikakatika. Juu kabisa kulikuwa na stakabadhi sita zisizofungwa, na ya mwisho ilikuwa ya miezi 29 iliyopita, karibu na siku zile babu alipoanza kutoinuka. Shangazi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Subhanallah. Na sisi twakodi turubai."

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa karani wa mwenye ardhi, chumba kimoja juu ya duka huko Mwembe Tayari. Alifungua kitabu chake. Miezi 29 kwa 700, shilingi 20,300. Nilitarajia kukaripiwa. Akaniambia taratibu kwamba mzee hakuwahi kumchelewesha hata mwezi, kwa hiyo aliposikia ugonjwa alinyamaza, na aliposikia msiba akazidi kunyamaza. "Lakini mwanangu," akasema, "mimi ni karani tu. Mwenye mali akiuliza, sina la kumjibu."

Hapo palikuwa na uamuzi wa kufanya, na katika kisa chote ndipo ninapoparudia mara kwa mara. Shangazi alisema tunyamaze mpaka kesho usiku: watu wa Kwale wako njiani, mchele umeshachaguliwa, aibu ya nyumba haipasuliwi barazani. Nilikubali, na hadi leo naona tulikuwa sawa kuwaficha wageni. Kosa ni kwamba tulimficha na nyanya. Mume ni wake, kopo lilikuwa chini ya kitanda chake, na deni la marehemu hutoka kabla ya kitu chochote isipokuwa mazishi yake. Angeambiwa Ijumaa, huenda angepunguza nyama kilo kumi akalipa karibu theluthi ya deni kabla ya dua kusomwa. Tulimnyima nafasi hiyo kwa kisingizio cha kumhurumia. Wazee wengi hufichwa mambo yao wenyewe namna hii.

Jumamosi

Wanawake walianza kumenya vitunguu usiku wa Ijumaa. Asubuhi mpishi akateleka uwani, na harufu ya bizari ikafika hadi barabarani. Wanaume walikaa chini ya turubai nje, wanawake vyumbani na ukumbini. Kisanduku cha juzuu kilitoka msikitini. Wasomaji walikuwa ishirini na wanne mwanzoni, kwa kuwa watu wa Kwale walikwama kwenye foleni ya feri, hivyo sita wakachukua juzuu mbili mbili. Kijana wa Madina alikaa mwisho wa baraza bila juzuu mkononi. Hakuondoka, hakukunja uso, na chakula kilipoiva alikuwa wa kwanza kubeba sinia. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa ujumbe wake wote.

Watu wa ng'ambo walifika baada ya alasiri, wakiongozwa na mpwa wa babu, mtoto wa dada yake, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye mzaha. Alipita akigonga kuta kwa fimbo kama anayenunua, akamwambia ami mkubwa, "Zamani kwetu, funguo za nyumba hii zingekuwa mfukoni mwangu." Watu wakacheka. Ni mzaha wenye mfupa: Wadigo wa zamani walirithiana kwa upande wa mama, mali ya mjomba ikaenda kwa mpwa, na Kwale ilichukua miaka mingi ya kuvutana kabla sheria ya Kiislamu haijashika nafasi ya mila hiyo. Mzee yule hakutaka nyumba. Lakini alitukumbusha bila kujua kwamba hakuna nyumba yenye sheria moja tu. Yetu ilikuwa na mila ya fuko la mama iliyobaki kama kichekesho, mirathi ya Kiislamu ambayo kila mtu aliitaja na hakuna aliyeipigia hesabu, na desturi ya kodi ya ardhi iliyotufanya wenyeji na wageni papo hapo.

Dua ikaisha, haluwa ikapita, vikombe vya kahawa vikazunguka. Ndipo mzee mmoja, aliyefanya kazi gengi moja la makuli na babu, akaomba kusema. Hakuwa kwenye ratiba. Sauti yake ilikuwa ndogo, wanaume wakasogeza viti na wanawake tukaja madirishani.

Alieleza bandari ya kabla ya makontena. Magunia ya kahawa ya kilo 60, saruji inayokula ngozi ya shingo, winchi, matishari, mtu anaamka hajui kama leo ataitwa kazini. Alisema babu alimsimulia mgomo wa makuli wa 1955, ambao yeye babu aliuingia akiwa mgeni kabisa mjini, hana hata wiki nyingi za mshahara za kupoteza. Na jinsi Tom Mboya, kijana wa chama cha wafanyakazi kutoka Nairobi, alivyokuja kushiriki mapatano. Sisi wajukuu tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba babu aligoma. Tulidhani tunamjua: mzee wa kofia ya vito na redio ndogo sikioni.

Kisha mzee akasema jambo jingine. Gengi lao walikuwa na mchango wa kila wiki wa kuzikana na kuuguzana, na fedha aliziweka babu. Si kwa kuwa alisoma sana, bali kwa kuwa aliandika. Kila senti. "Mwenzetu yule," akasema, "hakulala na fedha ya mtu." Watu wakaitikia, "Allah amrehemu."

Sikumtuma, na shangazi hakumtuma. Nilimtazama ami mkubwa kupitia dirishani. Alikuwa ameinamia kikombe kisicho na kahawa.

Hesabu ya usiku

Baada ya isha tulikaa uwani juu ya mikeka, masufuria yakiwa yameloweshwa. Nyanya alimwomba mwalimu abaki. Ami mdogo alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa juu, simu imeegemezwa kwenye birika. Shangazi wa Changamwe akaleta kopo akaliweka mbele ya mama yake bila neno.

Ami mkubwa hakukana. Akasema kodi za vyumba zilikwenda kwa dawa, pampasi za mzee, mabati yaliyong'olewa na mvua za masika, tokeni za umeme na chakula cha nyumba. Alipoulizwa risiti, hana. Alipobanwa zaidi alikiri kwamba kodi za miezi mitatu alizitia kwenye injini ya tuktuk yake, akinuia kuzirudisha. Shangazi wa Kisauni alikuwa tayari kwa neno "wizi", liko mdomoni kabisa. Nyanya akamuwahi: "Na mie mwaka huu nilikuwa nala nini? Mchanga?"

Mwalimu alitenganisha vitu, na utenganishaji huo nauona ndio kiini cha kisa. Miezi 29 si deni moja. Miezi 17 ni ya uhai wa babu, 17 kwa 700 ni 11,900: hili ni deni la marehemu, hutolewa kwenye mali yake kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na hadithi mashuhuri husema roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Miezi 12 ni ya baada ya kifo, 8,400: hili babu hahusiki nalo hata kidogo. Ni deni la warithi, maana nyumba ilikwisha kuwa yao tangu saa ile alipokata roho, hata kama hawajaigawanya.

Na ikiwa deni ni lao, pato nalo ni lao. Vyumba vinne kwa mwaka ni shilingi 120,000. Mwalimu akaomba daftari langu, lilelile la pilau, akaandika chini ya bahasha yake mwenyewe. Mke ana thumuni, maana marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Igawe mali mafungu 48: nyanya 6, kila ami 14, kila shangazi 7. Kwa zile 120,000: nyanya 15,000, kila ami 35,000, kila shangazi 17,500. Shangazi wa Kisauni alikuwa amepigania kwa mwaka mzima kitu asichojua kimo chake. Alipoiona 17,500 kwenye karatasi, sauti yake ilishuka. Ami mkubwa naye aliona kwamba hata ukimtolea 35,000 zake, matumizi ya nyanya na mabati, bado kuna pesa asizoweza kuzieleza. Zilikuwa chache kuliko tulivyoshuku, lakini zilikuwepo.

Mafungu yetu, mimi na ndugu zangu wawili? Hakuna. Baba alitangulia kufa, ami wapo hai, basi wajukuu hawarithi. Mwalimu aliyasema haya akiniangalia usoni, na namheshimu kwa hilo. Babu angeweza kutuachia wasia usiozidi thuluthi, hakuacha. Misri waliweka kifungu tangu 1946 cha kuwafikiria wajukuu wa aina yetu kwa wasia wa lazima. Kwa Waislamu, sheria ya Kenya haina kifungu kama hicho. Akataja aya ya 8 ya Suratun-Nisaa, kwamba jamaa, mayatima na maskini wakihudhuria ugawaji, wapewe chochote katika mali hiyo na waambiwe maneno mema. Kimya kikaingia. Nilijihisi kama mtu aliyekutwa mlangoni wakati wa kula.

Simu kwenye birika ikasema, "Nusu ya fungu langu ni ya watoto wa ndugu yangu." Nyanya alilia. Mimi pia. Lakini kisa kinachambuliwa, si kuliliwa tu, kwa hiyo niseme: aliye Dubai hutoa kwa wepesi kitu ambacho haishi ndani yake, na hiba, yaani zawadi, haitimii mpaka ikabidhiwe. Mpaka nyumba igawanywe, ile ni ahadi njema iliyotoka kwenye simu.

Ami mkubwa aliinuka kabla ya dua ya kufunga kikao. Hakugombana. Alivaa viatu, akawasha tuktuk, akaenda.

Yaliyokubaliwa ni haya. Wapangaji watamtumia shangazi wa Changamwe kodi kwa M-Pesa, naye ataandika. Zile 3,050 zangu za salio zitangulie kwenye deni, zinabaki 17,250. Kodi za vyumba za miezi miwili ni 20,000: zinalifuta deni, zinalipa kodi ya ardhi ya miezi hiyo miwili, na zinabakisha 1,350. Nyanya hahami chumba chake kwa sababu yoyote. Nyumba itathminiwe, na familia iende kwa Kadhi ikaandikiwe warithi. Hili la mwisho linahitaji ami mkubwa, maana Katiba ya 2010, ibara ya 170, huipa mahakama ya Kadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele yake. Asipokubali, kesi yaweza kuishia Mahakama Kuu, na huko nyumba ya vyumba sita isiyo na ardhi yaweza kumalizwa na gharama kabla ya warithi kuifikia.

Kijana wa Madina aliniuliza siku chache baadaye kama sasa naona khitma ilikuwa makosa. Nilimwambia sijui kuhusu fiqhi. Ninachojua ni kwamba bila kutandika mikeka ya wanawake tusingevuta lile kopo, bila pilau mzee wa bandarini asingekuja, na bila nyanya kutufungia mlango yote mawili yangepita tu. Nilijua pia kwamba kama yeye na mama yake wangesema neno "nyumba" siku ya kwanza badala ya neno "bid'a", huenda tungeokoa mwezi mzima wa kununiana. Alicheka kidogo. Akasema bid'a ni bid'a.

Mwezi ulipoingia shangazi wa Changamwe alipeleka malipo ya kwanza Mwembe Tayari. Karani alishika kalamu akauliza aandike jina la nani. Warithi hawajaandikishwa bado, kwa hiyo aliandika kama alivyozoea: imepokewa kutoka kwa, na jina la babu, na tarehe ya mwezi huu. Shangazi aliiacha stakabadhi kwenye meza ya nyanya, chini ya glasi.

Nilipokwenda Ijumaa haikuwepo. Ilikuwa ndani ya kopo, na zile sita zilizokuwa wazi, zote saba zimefungwa kwa uzi wa katani, fundo mbili. Nilimuuliza nyanya kama ni yeye. Akasema macho yake hayafungi fundo tena. Ami yangu mkubwa alipita usiku, hakukaa, aliuliza tu babake alikuwa akiutoa wapi uzi.